Kipande cha Pili cha Bomba la Saba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetimiza siku kumi na moja za kuitwa mke wa mtu, na siku moja ya kuitwa mfanyakazi. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kuandikia mapishi, lakini mapishi yatasubiri. Nataka niandike furaha hii ingali mbichi, ili siku tukiwa wazee hatuna meno nimsomee mume wangu, ajionee jinsi alivyonichanganya akili.

Tunaishi vyumba viwili nyuma ya ghala la taasisi, ukuta kwa ukuta na matope. Ndiyo, matope. Mume wangu huenda na meli ya utafiti. Hushusha bomba zito la chuma, lenye bomba la plastiki ndani yake, hadi sakafu ya bahari, kilomita tatu kwenda chini, mahali ambapo jua halijawahi kutia mguu. Bomba likipandishwa linakuwa limejaa matope yaliyojipanga tabaka juu ya tabaka, ya karibuni juu, ya kale chini. Hapa ghalani wote humwita Fundi. Mimi namwita majina mengine ambayo siyaandiki, maana mama mkwe anajua kusoma.

Kazi yangu mimi ni kuchuja. Mkataba wa msimu mmoja wa mvua. Na mvua imeanza leo leo, saa ile ile nilipovaa buti.

Nimechoka hadi kope.

Jumatano, 5 Machi

Niieleze kazi, maana dada yangu kaniuliza kwenye simu nikashindwa.

Bomba la plastiki hukatwa vipande vya mita moja moja, kisha kila kipande hupasuliwa kwa urefu kama mua. Nusu moja hulala kwenye chumba cha baridi, haiguswi. Nusu ya pili huja kwetu kwenye trei. Kila sentimita mbili nakata tonge la matope, nalipima kwenye mizani, nalitia kwenye chujio lenye matundu madogo kiasi kwamba ukiliinua dirishani unaona mwanga, tundu huoni. Kisha maji, kidogo kidogo, mpaka yanayotoka chini yawe safi. Dakika ishirini kwa tonge, pengine arobaini. Huruhusiwi kusukuma kwa kidole. Kinachobaki juu ni mchanga na vigamba vya vijidudu vya baharini, kilichopita chini nakitia kwenye chupa kwa ajili ya mashine ya Daktari. Bomba langu ni la saba. Lina vipande vinne, yaani matonge mia mbili.

Daktari hatibu mtu. Amesomea mashapo, yaani yale yanayotua chini ya maji. Ni mwanamke mrefu, mkimya, miwani yake ina uzi shingoni.

Jirani yangu wa sinki anaitwa Shangazi, ingawa si shangazi wa mtu yeyote humu ndani. Ana miaka kumi na tisa ya kuchuja.

"Bi harusi," ameniambia leo, "hilo tonge unaliosha au unalibembeleza?"

"Si mmesema taratibu, Shangazi?"

"Taratibu, ndiyo. Lakini wewe sasa umeshalichumbia."

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Chupa nane. Mgongo umekuwa ubao. Amenikausha miguu kwa taulo bila kuombwa, kidole kimoja kimoja. Nani kapewa mume kama huyu?

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimeelewa ninachokifanya. Wakati wa chai nilimuuliza mume wangu kwa nini Daktari anahangaika na ukubwa wa chembe. Dirisha la ghala lilikuwa na ukungu wa mvuke, akanichorea kwa kidole.

Anasema maji ya chini hayajatulia kama tunavyodhani. Mbali huko kwenye baridi kali, maji yanakuwa mazito, yanazama, kisha yanatambaa sakafuni mwa bahari maelfu ya kilomita, yakifuata ubavu wa milima iliyo chini kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Ule ndio mkondo wa chini. Ukienda kasi, unabeba chembe laini unaacha nzito. Ukilegea, zile laini nazo zinatua. Ni kama mtu anayepepeta kwa ungo: upepo ukiwa mkali, pumba zote zinaruka. Kwa hiyo chembe zikiwa nene Daktari anajua kwamba zama hizo mkondo ulikuwa na nguvu, zikiwa laini anajua ulikuwa mchovu. Na matope yenyewe, miaka elfu kwa elfu, mkondo unayalundika mpaka yanakuwa vilima virefu kuliko mji huu, ambavyo hakuna mtu atakayevipanda.

"Kwa hiyo wewe unaniletea habari za upepo wa chini ya maji," nikamwambia.

"Mimi naleta matope, mke wangu. Habari anazitoa Daktari."

Alivyosema "mke wangu" nilisahau kurudi kwenye sinki. Shangazi akagonga beseni.

Sababu ya haraka yote hii ni kebo. Kuna watu wanataka kulaza kebo ya simu na intaneti kwenye ubavu wa kilima kile. Kama mkondo unazidi kupata nguvu, utaukwangua udongo chini ya kebo, ibaki ikining'inia hewani (hewani majini, sijui nisemeje), ikatike. Kama unalegea, matope yataifunika vizuri. Daktari atawapa jibu tarehe kumi na nne Aprili.

Na kuna letu sisi. Mvua zikiisha meli inatoka, miezi minne. Mkuu wa sitaha ya nyuma amestaafu. Mume wangu amefunga kamba za watu miaka sita, na Daktari ameshamwambia kwamba mabomba ya safari iliyopita yakitoa matokeo mazuri, nafasi ni yake. Anaitaka mpaka anaitamka usingizini. Miezi minne. Nimetabasamu, nikamwambia nitakuwa mke wa mkuu.

Ijumaa, 14 Machi

Kipande cha kwanza kimekwisha. Juu kabisa chembe zilikuwa nene, maji yalikuwa safi ndani ya dakika ishirini. Kadiri nilivyoshuka ndivyo ilivyochukua muda, dakika moja hapa, mbili pale. Sihitaji mashine, miguu yangu inapima.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimekutana na kipande cha pili na kimenifurahisha. Kwenye matope kuna mistari, mwembamba wa kijivu, mwingine mweusi kidogo. Kwenye kipande cha kwanza mistari yote ilikuwa imeinama pembeni, kama mdomo wa mtu aliyenuna. Hiki cha pili, mistari inapanda pembeni. Kinatabasamu, chote, toka juu hadi chini.

Wakati wa chakula cha mchana nimemwambia mume wangu: "Nimepata kipande kinachotabasamu kama wewe."

"Kipi?"

"Cha pili. Bomba la saba."

Ameweka kijiko chini. Nikamuuliza kama chakula kina chumvi, akasema hapana, kizuri. Akala vijiko viwili vingine, akarudi kazini mvua ikimnyeshea, mwavuli ukiwa mlangoni.

Jumatano, 19 Machi

Matonge ya leo ni mfinyanzi mtupu. Dakika arobaini na tatu. Arobaini na moja. Maji ya baridi yameingia mpaka kwenye mifupa. Mume wangu amesema maneno kumi na mawili tangu asubuhi. Nimeyahesabu.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Chupa sita tu. Amekaa barazani anaangalia mfereji.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemuuliza Shangazi, mwezi wa kwanza wa ndoa wanaume huwaje.

"Wa kwangu alikuwa anakoroma," akasema. "Wako vipi?"

"Wangu ananyamaza."

"Hiyo ni bahati."

Kisha akaniangalia vizuri, akaacha utani. Akanisogezea beseni lake la maji ya moto niingize mikono. Hakuuliza zaidi, na nilimshukuru kwa hilo.

Nampenda bado, niandike hivyo isije ikasomeka vingine. Nampenda nikimtazama mgongoni anavyoinama kufunga buti. Ila nimechoka kumpenda mtu ambaye sijui yuko wapi, na yuko mita mbili kutoka nilipo.

Jumatano, 26 Machi

Kipande cha pili kimekwisha. Kilianza kwa mfinyanzi na kimemalizia kwa chembe nene, kinyume cha cha kwanza. Daktari amebandika ukutani karatasi ndefu yenye mstari wa vipimo, na amefurahi mpaka ameimba. Anasema mkondo ulikuwa na nguvu, ukalegea, kisha ukaruka ghafla. Anasema jambo hilo halijawahi kuonekana kwenye kilima kile. Ameshawaandikia wenzake wa vyuo vingine.

"Kwa hiyo una tabia ya kupanda na kushuka wenyewe," akamwambia mume wangu. "Hawa wa kebo wanaweza kutulia. Matope mazuri, Fundi. Matope mazuri sana."

Mume wangu akasema asante. Ilikuwa asante ya mtu anayevuliwa jino.

Jumatatu, 31 Machi

Kipande cha tatu. Kimenuna, kama cha kwanza. Na tonge lake la kwanza kabisa lilikuwa mfinyanzi wa dakika arobaini na tatu, wakati tonge la mwisho la kipande cha pili lilikuwa chembe nene. Sentimita mbili tu kati yao.

Nikamwita Shangazi. "Hivi mistari hii hununa kwa nini?"

"Bomba ndilo linaloinunisha. Linaposhuka linaburuta matope ya pembeni kwenda chini. Katikati panabaki palepale, pembeni panavutwa. Siku zote yanainama kwenda chini."

"Siku zote?"

"Miaka kumi na tisa sijaona vingine. Ukiona yanapanda, ujue trei umeishika kichwa chini."

Akarudi kwenye bomba lake la nane, akaendelea kuimba kwa pua. Mimi nilisimama na maji yakafurika kwenye chujio, nikapoteza tonge zima. Ni la kwanza kulipoteza tangu nianze.

Jumanne, 1 Aprili

Asubuhi nimejipa kazi ya kufagia chumba cha baridi. Nimeitoa ile nusu inayolala, bomba la saba, kipande cha pili. Mshale wa wino unaonyesha juu. Mistari inatabasamu kuelekea kwenye mshale. Vifuniko vya miguuni na kichwani ni vyekundu vyote viwili, wakati vipande vingine vyote vina chekundu juu na cheusi chini. Mwandiko wa mshale naujua. Ndio ulioniandikia barua saba za uchumba, ninazo chini ya godoro.

Nimekirudisha. Nimefagia kweli.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nitaandika kirefu, mkono ukiuma uume.

Paa la jikoni limeanza kuvuja tangu Alhamisi. Asubuhi tulikuwa wawili sakafuni, yeye anachota maji kwa kikombe, mimi nakamua tambara. Nilikuwa nimejiapiza kusubiri mpaka aseme mwenyewe. Nikashindwa.

"Kipande cha pili kiko kichwa chini," nikasema.

Akaendelea kuchota. Vikombe vitatu, vinne. Kisha akakaa palepale kwenye maji.

"Najua."

Akanieleza. Melini wana utaratibu. Bomba likikatwa, wanasimama watu wawili, mmoja kila upande. Aliye upande wa juu anasema kwa sauti, "Juu huku," mwenzake anajibu, "Chini huku," na hapo ndipo vifuniko vinavalishwa, chekundu juu, cheusi chini, na mshale unachorwa. Wanacheka wanapofanya hivyo, kama watoto, lakini hawaachi, kwa sababu matope yakishalala sakafuni mwa meli hayana uso wala kisogo.

"Ilikuwa siku ya nne sijalala," akasema. "Mawimbi makubwa. Mwenzangu yuko chini anatapika. Nikasema juu huku, nikajijibu mwenyewe chini huku. Nikaenda kutafuta vifuniko vyeusi, vimekwisha. Nikarudi na vyekundu. Meli ilikuwa imeinama, kipande kimebingirika, glovu zina matope, wino umefutika. Nikaviangalia vichwa viwili. Nikachagua."

"Ulichagua?"

"Nikachora mshale, nikalala. Nilipoamka nikajiambia nilichagua sawa. Nikaamini kabisa. Mpaka siku ile uliponiambia kinatabasamu."

Wiki tatu, basi. Wiki tatu nilikuwa nalala nikihesabu makosa yangu, kama ninaongea mno, kama chakula changu hakina ladha, kama alitaka mke mwingine. Nikaona hasira inapanda, na hapohapo, niandike ukweli, nikaona furaha. Hakunichoka mimi.

"Basi umwambie Daktari," nikasema. "Jumatatu."

"Nikimwambia, safari imekwenda. Mkataba wangu nao unaisha mvua ikiisha. Utarudi ukakae kwa mama?"

"Nitakaa kwa mama."

"Humjui mama."

"Namjua. Alinihesabia vijiko siku ya harusi."

Akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu tarehe kumi na saba. Kisha akainamisha kichwa kwenye bega langu na tambara likiwa mkononi mwangu bado. Mtu mzito, mume wangu. Sikuwahi kuona kwamba ana mvi tatu nyuma ya sikio. Wiki za uchumba nilimwona kama mtu aliyechongwa. Leo nimemwona kama mtu aliyechoka, na sijui kwa nini huyu wa leo ndiye ninayetaka kumfunika shuka.

"Jumatatu," akasema.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakusema. Daktari alikuwa na wageni.

Jumanne, 8 Aprili

Hakusema. Mvua. Chupa tano.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeamua nitasema mimi. Saa tano nilivua glovu, nikaenda hadi mlangoni kwa Daktari. Alikuwa amesimama mbele ya ile karatasi yake ndefu na penseli nyekundu, ameizungushia duara miruko, ambayo sasa ni miwili, mmoja kila ncha ya kipande cha pili.

"Ingia, ingia," akasema. "Ni wewe uliyechuja haya. Nimewaambia wenzangu, vipimo hivi ni visafi kwa sababu nina mchujaji asiyeharakisha." Akafungua mkebe, akanipa biskuti. Hajawahi kumpa mtu biskuti. "Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Chujio la tatu limeanza kulegea pembeni," nikasema.

"Mwambie Shangazi alibadilishe."

Biskuti niliila njiani. Nimerudi kwenye sinki nikiwa sina la kumlaumu mume wangu tena.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakusema. Sikusema. Tulikula kimya, lakini kimya cha leo kilikuwa cha watu wawili.

Nilimwambia neno moja tu wakati wa kuosha vyombo: kwamba Jumatatu watu wa kebo wakishapewa jibu, wataichora ramani yao, na wakishaichora hakuna atakayekuja kutuuliza tena. Na kwamba mkondo wenyewe hauna habari na mshale wake. Utaendelea kukwangua.

"Najua unakokwangua," akasema. "Nimefika."

Ijumaa, 11 Aprili

Saa mbili asubuhi, kabla sijafunga aproni, amepita mbele yangu amebeba trei ya kipande cha pili mikononi kama anabeba mtoto. Nikamfuata. Shangazi naye akafuata, bila kualikwa.

Mume wangu aliweka trei mezani kwa Daktari, akasema yote. Hakusema meli iliinama, hakusema mwenzake aliumwa. Alisema, "Nilichora mshale bila kujua, na nimejua kwa wiki tatu kwamba umekosea."

Daktari alivua miwani, ikaning'inia kwenye uzi. Aliinama juu ya trei muda mrefu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, Daktari," nikasema.

"Ulikuja hapa Jumatano."

"Ndiyo."

"Nikakupa biskuti."

"Ndiyo, Daktari. Niliila."

Shangazi akakohoa. Daktari hakutugombeza. Nadhani tungepumua zaidi angetugombeza. Alichukua mkasi, akaenda ukutani, akaikata ile karatasi yake mahali pawili, akakitoa kipande cha katikati chenye maduara mekundu, akakigeuza, akakibandika tena. Mistari ikakutana huku, ikakutana na kule. Miruko ikaisha. Ukabaki mteremko mmoja mrefu, unaopanda kutoka zama za kale hadi juzi bila kupumzika.

"Haujaruka," akasema. "Unaongezeka tu. Umekuwa ukiongezeka muda wote." Akagusa ukingo wa juu wa karatasi, mahali palipo sasa. "Kebo itaning'inia."

Kisha akakaa, na nikaona kwamba naye ni mtu aliyepoteza kitu. Ile miruko miwili ilikuwa yake. Aliipenda. Alikuwa ameiimbia.

"Fundi, kipande cha pili kitachujwa upya chote, kutoka kwenye nusu iliyolala, kwa mshale uliogeuzwa. Watu wa kebo nitawaomba wiki mbili. Hao wenzangu wa vyuo nitawaandikia leo." Akavaa miwani. "Safari hii hupandi meli."

"Nimeelewa."

"Mkataba, nitaandika kilichotokea, na nitaandika kwamba umekuja mwenyewe. Zaidi ya hapo siahidi."

Tulipotoka, Shangazi alimpiga mume wangu begani kwa glovu iliyolowa. "Miaka kumi na tisa," akasema, "nawachujia matope, hakuna siku mmenipa igizo kama hili."

Mchana nilimkuta nyuma ya ghala, amesimama chini ya mfereji unaomwaga maji, haondoki. Nikasimama naye. Tulilowa wote wawili kama wajinga.

Jumatano, 16 Aprili

Anachuja sinki la pili baada ya kazi zake. Ana papara. Namwambia taratibu. Chupa nne.

Jumanne, 22 Aprili

Chupa tano. Vidole vyake vimechanika kwenye viungo, nimevipaka mafuta. Hasemi mengi, lakini akisema anasema na mimi.

Ijumaa, 25 Aprili

Tonge la hamsini. Vipimo vimekwenda kwa Daktari, vimekaa sawasawa kwenye ule mteremko, tonge kwa tonge. Watu wa kebo wamekubali kuizungusha njia yao ipite juu ya kilima, mbali na mkondo. Hakuna aliyekuja kumshukuru mtu. Nililala saa kumi na mbili jioni na aproni mwilini.

Jumatatu, 28 Aprili

Barua imekuja. Mwaka mmoja, kazi ya ghalani. Neno "baharini" halimo. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akanipa niiweke. Vyumba viwili ni vyetu bado. Mama mkwe amepiga simu kuuliza kama kweli mwanawe ameshushwa melini. Nikamjibu kwamba hajashushwa, hakupanda. Akasema, "Mke wa mtu akijibu hivyo, mtu huyo hajambo." Sijui kama alinisifu.

Ijumaa, 2 Mei

Wamemwagiza aandae mabomba matupu ya safari. Amekaa siku nzima na msumari uliopashwa moto, anachoma mshale kwenye plastiki, kila nusu mita, bomba baada ya bomba. Hakuna aliyemwagiza hilo. Yule mkuu mpya wa sitaha, kijana aliyekuwa akitapika, alikuja kuyachukua. Walisalimiana, wakaongea mambo ya kamba. Mkono wa mume wangu ulinuka plastiki iliyoungua mpaka asubuhi.

Jumatatu, 5 Mei

Meli imeondoka saa nne asubuhi. Hatukwenda gatini. Shangazi yuko likizo, mume wangu amesimama kwenye sinki lake anamalizia bomba la nane. Honi ilipolia hakuinua kichwa, ila alifungulia maji zaidi kuliko inavyotakiwa, na kwa mara ya kwanza sikumwambia taratibu.

Nilisubiri mpaka honi ya mwisho.

"Nina jambo," nikasema.

"Sema."

"Nilikusukuma useme ukweli. Nilikwambia ni kwa ajili ya kebo ya watu, na ilikuwa kweli. Lakini nilijua pia kwamba ukisema, hutaondoka. Miezi minne. Nililijua hilo, na lilinipa nguvu ya kukusukuma."

Maji yalikuwa yanapita kwenye chujio lake, bado ya kijivu.

"Ulilijua tangu lini?"

"Tangu tukiwa tunachota maji jikoni."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote."

Akafunga maji. Alitazama dirishani, kule ambako hata bahari haionekani, ni ukuta wa karakana tu. Uso wake sikuweza kuusoma, na sikujaribu kuupamba.

"Hilo litanichukua muda, mke wangu," akasema.

"Chukua."

Akafungulia maji tena, kidogo kidogo, mpaka yakaanza kutoka safi. Yeye chupa tisa leo, mimi nane. Amenishinda.